Mfumo ukisema kuna shoti, keshia ndiye analipa: yanayotukuta watengeneza mifumo ya malipo

FUNDI MIAMALA (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Kazi yangu ni mifumo ya malipo hapa Dar. Nimepita kwenye ofisi zenye vioo na getini kuna mlinzi wa kukuandikisha, nimepita kwenye chumba kimoja Sinza watu watatu na feni moja, na nimepita zile ambazo idara nzima ya TEHAMA ni mimi na printa. Nyuzi nyingi humu zinauliza tujifunze Python au Java, nani analipwa zaidi. Hayo sitagusa. Nataka tuongee jambo ambalo vyuoni linapitwa kwa aya mbili: kazi ikikwama katikati mfumo wako unafanya nini, na ofisi inampelekea nani bili.

Niliwahi kurithi mfumo wa kampuni moja ya kusambaza vinywaji, jina libaki kapuni. Ghala lao moja liko mkoani. Mteja analipa kwa simu, keshia anaingiza namba ya muamala na kiasi, anabonyeza Hifadhi, mzigo unatoka. Mtandao wa pale ni wa kuvizia. Anabonyeza, skrini inazunguka, kimya. Nje foleni ya maguta na bajaji imefika barabarani na watu wanaanza kupiga kelele. Wewe ungefanya nini? Naye alibonyeza tena. Mfumo ukapokea yote mawili.

Jioni mfumo unasema keshia kapokea malipo mara mbili. Kwenye akaunti ya simu imeingia mara moja. Hiyo tofauti inaitwa shoti, na kila aliyewahi kukaa kaunta anajua shoti inaishia wapi: kwenye mshahara.

Nilipofika walishamkata. Hakuna aliyeuliza mfumo umefanyaje. Mfumo ulinunuliwa kwa mamilioni, yeye ni binti wa kidato cha nne mwenye mkataba wa miezi mitatu. Kwenye kikao cha namna hiyo nani ataaminiwa?

Nikafungua jedwali la malipo nikatafuta ile siku. Mistari miwili imefuatana. Namba ya simu ileile. Kiasi kilekile, shilingi 186,000. Namba ya muamala ileile, herufi kwa herufi. Tofauti iko safu moja tu, ya muda: huu umeingia sekunde ya 19, huu sekunde ya 23, dakika ileile. Wakuu, mtandao wa simu hautoi namba moja ya muamala kwa malipo mawili. Ushahidi ulikuwa umelala pale muda wote, ila hakuna aliyetumwa kuutazama.

Dawa yake ni mstari mmoja: unaiambia hifadhidata, yaani programu inayotunza rekodi za mfumo, namba ya muamala isijirudie. Keshia akibonyeza hata mara kumi, ya kwanza inaingia na zilizobaki zinajibiwa "hii tunayo". Lakini ukiweka sharti hilo wakati marudio ya zamani yamo ndani, hifadhidata inakugomea. Kwa hiyo ilibidi kukaa na mhasibu, muamala kwa muamala, taarifa ya mtandao mkono huu na jedwali mkono huu, halafu kuomba ruhusa ya kugusa hesabu za miezi iliyokwisha fungwa. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Ule mstari ulikuwa mapambo tu. Bosi alisikiliza maelezo yote, akauliza: "Kwa hiyo wiki hii hakuna kipya cha kumwonyesha mteja?"

Mwenzangu aliyeandika sehemu ile alikuwa ameshaondoka. Nilirudi nyuma kwenye Git, kumbukumbu ya kila badiliko la programu, kutazama alipoiandika, nikakuta maelezo yake: "rekebisha baadaye, wanaitaka Ijumaa". Sikuweza kumlaumu. Alijua kabisa. Ijumaa ile ikapita, zikaja Ijumaa nyingine, na "baadaye" haikupewa tarehe na mtu yeyote.

Na msije mkasema ni ushamba wetu. Uingereza shirika la posta lilifunga mfumo wa Horizon, wa Fujitsu, kuanzia 1999. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu kwenye matawi madogo, na wanaoendesha matawi wakaambiwa walipe au waende mahakamani. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015. Wapo waliokwenda jela, wapo waliofilisika wakijazia pengo ambalo halikuwepo. Sheria yao ilikuwa inachukulia kuwa kompyuta iko sawa mpaka mtu aonyeshe vingine. Sasa mwenye duka la stempu kijijini atayaonyeshaje hayo? Mahakama Kuu ilitamka mwishoni mwa 2019 kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kuleta upungufu wa namna ile, na 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu.

Mojawapo ya hitilafu zile inaitwa kwa jina la Dalmellington, mji mdogo wa Scotland. Mwaka 2015 mhudumu wa hapo alikuwa anapokea pauni 8,000 kwenye mfumo. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena na tena. Mfumo ukaandika pauni 32,000, na pale pale akawa "amepungukiwa" pauni 24,000. Mnaona wenyewe, ni kitufe kilekile cha ghala letu.

Nitaendelea nikitoka kazini. Karibuni.

KAMBI YA KUDUMU

Naweka kambi hapa. Mkuu ukichelewa nakufuata PM.

MZEE WA STARTAPU

Mkuu umeandika vizuri ila unatisha vijana. Biashara nyingi hapa mjini zinakufa kabla mfumo haujafikisha wateja 20. Ukikaa unaweka masharti na kukagua kila kona, mwenzako mwenye mfumo mbovu keshachukua soko. Sisi tulianza na kitu cha ajabu ajabu, wateja wakaja, tukarekebisha tukiwa tunatembea. Bosi wako alikuwa na haki ya kuuliza.

FUNDI MIAMALA

Mzee, sikupingi moja kwa moja. Kuna ubovu wa kuvumilika. Ripoti isiyopendeza, ukurasa unaochelewa, kitufe kilichokaa vibaya, hayo toa hivyohivyo utarekebisha mbele ya safari. Mimi nauliza swali moja tu kabla ya kusema "baadaye": huu ubovu anaubeba nani? Ukibebwa na mimi niamke usiku kurekebisha, sawa, nimeajiriwa kwa hilo. Ukibebwa na wewe mwenye kampuni, sawa, ni kampuni yako. Ukibebwa na mtu wa kaunta ambaye hakuombwa ushauri na hawezi kusoma jedwali, huo hauna baadaye. Na hapa hatuongelei kazi ya mwezi. Sharti lile ukiliweka siku ya kwanza, jedwali likiwa tupu, chai yako haijapoa. Gharama inatokana na kusubiri.

PWANI DEV

Habari zenu ndugu zangu wa TZ, niko Mombasa. Hapa kwetu M-Pesa iko tangu Machi 2007 na bado nakutana na mifumo inayodhani jibu la mtandao wa simu, la kwamba mteja kalipa, litafika mara moja, kwa wakati, kila siku. Halifiki hivyo. Kuna siku linakuja mara mbili kwa sababu seva yako ilichelewa kujibu "nimepokea". Kuna siku haliji kabisa. Mteja ana SMS ya kuthibitisha mkononi, pesa imetoka, na mfumo wako unamwambia hajalipa. Hapo anaitwa mwongo mbele ya watu.

Kwenye Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, kuna njia ya kuuliza hali ya muamala. Mimi siku hizi siketi kungoja. Oda ikikaa dakika kadhaa bila jibu, mfumo unaenda wenyewe kuuliza. Wengi hawaiandiki hiyo sehemu kwa sababu kwenye majaribio jibu huja kila mara.

FUNDI MIAMALA

Pwani Dev umepiga penyewe. "Kwenye majaribio huja kila mara" ningeibandika ukutani.

Niongezee la kwetu. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa. Sasa fikiria mfumo wa duka la Temeke. Mteja yuko Temeke, anapiga menyu ya simu, pesa inahama ndani ya mtandao wa simu wa hapahapa nchini, haihitaji bahari. Lakini seva ya duka imekodiwa Ulaya kwa sababu ni rahisi. Taarifa ya kwamba kalipa inatakiwa ivuke bahari ifike huko, kisha irudi kwenye skrini ya keshia mita mbili kutoka kwa mteja. Siku kama ile pesa inapita na taarifa haipiti. Mfumo uliojengwa kwa imani kwamba vyote viwili huenda pamoja utadanganya, na utadanganya kwa ujasiri.

Halafu kuna la tatu, ambalo watu hawaliwazi: jibu linaweza kukuwahi. Mtandao unaleta "kalipa" wakati mfumo wako haujamaliza kuihifadhi oda yenyewe. Msimbo, yaani maagizo ya programu, unatafuta oda, hauioni, unatupa jibu. Mimi siku hizi kila jibu likifika nalihifadhi kwanza kama lilivyo, neno kwa neno, ndipo naanza kuliuliza wewe ni wa oda gani.

MHASIBU WA ZAMU

Naomba kuchangia kutoka upande wa pili wa meza. Mimi siyo wa kompyuta, mimi ndiye ninayeletewa ripoti zenu. Mambo matatu yananiua.

Kwanza, ripoti ya siku haiendani na taarifa ya mtandao. Jumla ya mwezi inakaribiana, ya siku inakataa. Pili, faili la namba za simu nikilifungua kwenye Excel naona 2.55754E+11 safu nzima, au sifuri ya mwanzo imepotea. Tatu, senti. Shilingi yetu hatutumii senti, lakini mfumo unaniletea tofauti ya 0.25 hapa, 0.75 pale, mkaguzi anakuja ananitolea macho mimi.

FUNDI MIAMALA

Mhasibu, karibu sana. Laiti ofisi zingewaweka meza moja na sisi kuanzia siku ya kwanza.

La kwanza ni saa. Seva nyingi zinatunza muda wa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Aliyelipa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwenye seva ni saa tano usiku Jumatatu. Ripoti ikikatwa kwa siku ya seva, kila anayelipa kati ya saa sita usiku na saa tisa anahesabiwa jana. Maduka ya kawaida hayaumii, wauza vifurushi na wenye baa ndio wanakuona mchawi. Tunza kwa UTC, hakuna ubaya, lakini siku ya ripoti ikatwe kwa saa za hapa.

La pili, namba ya simu siyo namba. Hakuna anayeijumlisha wala kuigawa. Itunzwe kama maandishi, na kwa sura moja. Nimekuta mfumo mmoja mteja yuleyule yumo mara tatu: kaanza na 07, kaanza na 255, kaanza na alama ya kujumlisha.

La tatu ni aina ya desimali ambayo kompyuta inaitunza kwa kukadiria. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 ikupe jibu kamili bila kupunguza, itakuletea 0.30000000000000004. Kwa hela haifai. Ila hiyo robo yako nadhani ni ya makato: asilimia 1.5 ya shilingi 4,750 ni 71.25, na hakuna aliyeamua robo inaenda kwa nani. Hilo siyo la mtengeneza programu kuamua peke yake usiku. Ni uamuzi wa biashara, uandikwe, ukaguzi ukija uonyeshwe.

DADA WA DATA

Mimi nataka tuongelee ofisi yenyewe maana uzi unaelemea kwenye majedwali.

Ofisi niliyotoka, mfumo ulikuwa unaanguka kila mwisho wa mwezi. Kaka mmoja alikuwa anauamsha saa nane usiku, asubuhi kwenye kundi la WhatsApp mkurugenzi anaandika "hongera sana kamanda", makofi yanamiminika. Nikapewa ile sehemu. Nikakuta kazi moja nzito inaendeshwa na kila mtu kwa wakati mmoja, nikaipanga iende kwa foleni. Haikuanguka tena. Mwaka ukaisha, kwenye tathmini nikaambiwa "hatukuona mchango wako mkubwa kipindi hiki". Kamanda kapandishwa cheo.

Na bado ni mimi niliyekuwa naitwa kwenye kila kikao kufunga projekta, eti mtu wa IT.

FUNDI MIAMALA

Dada, hilo limenichoma. Sina dawa kamili, nina mbinu niliyoona ikimsaidia mwenzangu. Kabla hajagusa kitu alikuwa anachukua picha ya hali: mfumo umeanguka lini na lini, ulikaa muda gani, malipo mangapi yalisimama. Akimaliza anaiweka tena miezi inayofuata, anampelekea bosi karatasi moja. Mabosi wengi siyo wabaya. Tatizo ni kwamba kitu ambacho hakikutokea hakina tarehe kwenye kalenda yao. Ila nakubali, kuna ofisi hata ukipeleka karatasi kumi wanamtaka kamanda. Kwa ofisi hizo, sasisha CV yako uhame.

La projekta sina la kusema. Juzi nimeitwa kutengeneza spika za harusi.

KIJANA WA FIELD

Shikamooni wakubwa. Niko field, mafunzo ya vitendo ya chuo, mwaka wa tatu. Nina maswali mawili. Nilimpa ChatGPT aniandikie sehemu ya kupokea majibu ya mtandao wa simu, imekuja safi na inafanya kazi. Je, ni vibaya? La pili, nimepewa ruhusa ya kuingia kwenye seva inayotumika na wateja na naogopa hata kuandika amri. Nikiharibu nafukuzwa?

FUNDI MIAMALA

Marahaba. La kwanza, siyo vibaya, ila "inafanya kazi" maana yake umeijaribu siku njema. Isome mstari kwa mstari, kisha iulize yaliyoulizwa humu: jibu likija mara mbili? Lisipokuja? Likija kabla ya oda? Likitumwa na mtu ambaye siyo mtandao wa simu, bali mjanja aliyegundua anwani yako? Usipoweza kunionyesha mstari unaojibu kila swali, msimbo huo siyo wako bado, na siku ya tatizo huyo aliyekuandikia hataitwa kwenye kikao.

La pili, kuogopa kwako ni afya. Kafuatilie habari ya GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya watengeneza programu. Usiku wa 31 Januari 2017 fundi wao alikuwa anapambana na hifadhidata ya akiba iliyokataa kulingana na ile kuu. Akafuta folda akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye kuu. Anashtuka na kusimamisha amri, karibu GB 300 zimeshakwenda, zimebaki kama GB 4.5. Wakakimbilia bakapu, nakala za akiba. Ile ya kila siku haikuwepo: programu ya kuichukua ilikuwa toleo la zamani kuliko hifadhidata, ilikuwa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza data ya takribani hizo saa sita.

Sasa angalia walivyoishughulikia. Waliirusha kazi ya kurejesha moja kwa moja YouTube, watu wakitazama. Ripoti yao ilimwita tu mwanatimu namba 1, na maswali yote yakawa juu ya mfumo: kwa nini seva mbili zinafanana kiasi cha kuchanganywa, kwa nini hakuna mtu ambaye kazi yake ni kujaribu kurejesha bakapu. Linganisha na ofisi ambayo kitu cha kwanza kinachoulizwa ni "nani aligusa?" Huko watu hujifunza kuficha, na hitilafu ya dakika tano inajulikana baada ya wiki.

Kwako wewe wa field: omba uonyeshwe bakapu ikirejeshwa kwenye mashine ya pembeni. Usiulize kama ipo, utaambiwa ipo. Omba uione ikirejeshwa.

KIJANA WA FIELD

Nimeuliza leo. Msimamizi kasema "ipo kwenye hadi diski". Nikauliza hadi diski iko wapi. Kasema kwa jamaa aliyeacha kazi.

KAMBI YA KUDUMU

😂😂😂 Dogo hamisha field.

MZEE WA STARTAPU

Fundi, nimerudi. Usiku nimekaa na ile habari yako ya mistari miwili. Nipe namna ya kuangalia kwenye jedwali langu bila kuharibu kitu.

FUNDI MIAMALA

Ni kusoma tu, huharibu. Zikusanye rekodi za malipo kwa namba ya muamala, hesabu kila namba imeonekana mara ngapi, leta zenye zaidi ya moja tu, zenye kiasi kikubwa juu. Zile ambazo namba ya muamala ni tupu ziweke pembeni, zitakuchanganya. Ukimaliza angalia safu ya muda: zikipishana sekunde chache ni kitufe, zikipishana dakika kadhaa huenda ni mtandao umetuma jibu tena, zikipishana siku basi kuna mtu anatumia SMS ya zamani kuchukulia mzigo. Hilo la mwisho ni kesi nyingine.

MZEE WA STARTAPU

Imeleta mistari 37. Mingi ni sekunde. Miwili imepishana siku nne. Nizifute hizi za pili nianze upya?

MHASIBU WA ZAMU

Usifute! Ukifuta sasa hivi hakuna atakayeweza kujua nani alidaiwa nini. Ongeza safu ya alama, ziwekee alama kuwa ni marudio, ziache zilipo. Pakua taarifa ya mtandao ya miezi yote inayohusika, na orodha ya waliokatwa mshahara kwa shoti kipindi hicho. Hiyo orodha ndiyo tuanze nayo. Njoo PM, Jumamosi nina nafasi.